Baiskeli isiyo na frii: Mzazi, mtoto na spana uani

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Uani limetandikwa gunia, na juu yake kuna fremu kuukuu ya baiskeli, magurudumu mawili, kopo la grisi na spana tatu. Kijana wa miaka 14 amechuchumaa upande mmoja, baba yake upande wa pili. Simu zimebaki ndani. Hakuna aliyetoa amri, ila mikono imejaa grisi na hakuna anayetaka kushika kioo.

Picha hii inawezekana katika nyumba nyingi, hasa zile ambazo mtoto ameingia umri wa kujibu “poa” kwa kila swali. Kazi wanayoifanya hawa wawili ni kuunda baiskeli isiyo na frii, ambayo ni rahisi kuliko baiskeli zote, lakini inataka adabu yake.

Frii ni nini?

Kila aliyewahi kuendesha baiskeli anaijua sauti ile ya tik-tik-tik unapoacha kukanyaga pedeli huku baiskeli ikiendelea kwenda. Hiyo ndiyo frii, iliyo ndani ya sproketi ya nyuma. Inaliacha gurudumu lizunguke huku miguu ikipumzika.

Kwenye baiskeli isiyo na frii, sproketi imekazwa moja kwa moja kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Ukipunguza mwendo wa miguu, baiskeli nayo inapunguza. Hakuna gia za kubadilisha na hakuna kuteleza bure.

Raha ya kuunda

Uzuri wake kwa familia ni kwamba vipuri ni vichache. Fremu, foko, usukani, kiti, magurudumu, pedeli na mikono yake, cheni moja, sproketi mbili na breki. Mtoto anaweza kushika kila kimoja, akauliza kazi yake na kuelewa jibu.

Hesabu nazo zimo. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 42 na ya nyuma 18, pedeli zikizunguka mara tatu, gurudumu la nyuma linazunguka mara saba. Mtoto anayeona uwiano ni mateso ya darasani anaweza kuuhesabu kwa kidole, jino kwa jino. Uwiano huo pia ni mwepesi kwa miguu inayoanza.

Cheni nayo ina somo lake. Ikilegea sana inaweza kuchomoka na kulikwamisha gurudumu la nyuma ghafla. Ikikazwa mno inakuwa nzito na inakula gololi. Kipimo ni kuisukuma katikati kwa kidole na kuiona ikicheza juu na chini kama sentimita moja hivi. Hapo baba anavuta gurudumu nyuma, kijana anakaza nati, wanapima, wanalegeza, wanaanza tena.

Na katikati ya kupima huko, maneno hutoka. Mtoto anayekaa kimya akiulizwa ana kwa ana, mara nyingi huzungumza akiwa na kazi mkononi, macho yakiwa kwenye nati.

Usikubali kuchomelea

Hapa mzazi awe macho. Mtu anaweza kushauri njia ya mkato: frii ya kawaida ipigwe weldi isizunguke. Usikubali. Habu ya frii imetengenezwa kukazwa kwa kukanyaga mbele. Ukizuia pedeli kwa nguvu, sproketi inaweza kujifungua, na mtoto akabaki hana cha kumsimamisha.

Habu inayofaa ina nyuzi za aina mbili: za kukaza sproketi, na nyingine zinazokwenda kinyume kwa ajili ya nati pana ya kuikaba. Kama habu hiyo haipatikani, acheni frii ilivyo. Baiskeli ya gia moja yenye frii inaundwa kwa mikono ile ile na furaha ile ile.

“Wenzangu hawana breki”

Kwa kijana aliyeona video mtandaoni, mabishano hayakosi.

“Baba, wenzangu wote hawana breki.”

“Hao wenzako sikuwazaa mimi.”

Ni kweli baiskeli za aina hii hukimbizwa bila breki katika viwanja maalumu vya mbio. Japani ina mbio zake maarufu ziitwazo keirin, zilizoanza mwaka 1948 na kuingia Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Lakini uwanjani hakuna bodaboda wala mtoto anayekimbilia mpira. Na katika Japani hiyo hiyo, sheria ya barabarani inataka baiskeli iwe na breki mbele na nyuma.

Februari 2016, jijini London, kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli isiyo na frii wala breki ya mbele alimgonga mama wa watoto wawili aliyekuwa akivuka barabara. Mama huyo alifariki dunia kwa majeraha ya kichwa. Mwaka uliofuata kijana alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Nyumba mbili ziliumia, na sheria ya Uingereza ilikuwa tayari inadai breki hiyo ya mbele.

Miguu inapunguza mwendo, lakini haisimamishi haraka kama breki. Kwa mtoto anayejifunza, funga zote mbili.

Mambo mengine ya kuangalia

Vidole: baiskeli hii ikipinduliwa na gurudumu likazungushwa, cheni haisimami hata kidole kikinaswa. Inaweza kukikata. Watoto wadogo wakae mbali, na cheni isafishwe gurudumu likiwa limesimama.

Nguo: kamba za viatu, suruali pana, khanga na dera vifungwe vizuri. Kikinaswa kitu, pedeli hazikusubiri.

Kona na miteremko: pedeli huendelea kuzunguka, hivyo ukilala sana kwenye kona inaweza kugusa chini. Mteremkoni miguu huzungushwa kwa kasi, kwa hiyo tumia breki mapema.

Kiti: ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Na kofia ngumu ivaliwe kila safari, hata ya kwenda dukani.

Mzunguko wa kwanza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa baiskeli hii hakuna dakika ya kudanganya, maana miguu haipumziki mpaka ushuke.

Saa kumi jioni, kwenye uwanja mtupu usio na magari, kijana anapanda. Mita kumi za kwanza anasahau, anaacha kukanyaga, na pedeli zinamnyanyua kidogo kitini.

“Baba, inanisukuma!”

“Usishindane nayo. Ifuate.”

Mzunguko wa pili anaifuata. Wa tatu anapunguza mwendo kwa miguu, anaminya breki ya mbele taratibu na kusimama pale pale alipopanga. Hakuna tik-tik-tik, ni mlio wa matairi kwenye mchanga tu na sauti yake akicheka.

Mama, aliyekuwa amesimama kando akitazama, ana swali moja tu.

“Na mimi mnanishushia kiti saa ngapi?”