Haki Bila Uwezo: Mifumo Endeshi Huria na ya Kibiashara katika Ofisi za Umma

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mifumo endeshi ya kompyuta serikalini huelemea upande wa bei: Linux haina ada ya leseni, Windows hulipiwa. Makala haya yanadai kwamba bei si kiini cha ushindani huo. Kwa kurejelea jiji la Munich, Ujerumani, yanafafanua kuwa leseni huria humpa mtumiaji haki ya kuichunguza, kuibadili na kuisambaza programu, ila uwezo wa kuitumia haki hiyo hujengwa na taasisi yenyewe.

2.0 Kuhamia Linux

Mwaka 2003 Baraza la Jiji la Munich liliamua kuachana na Windows NT 4.0, ambayo Microsoft ilikuwa inakaribia kuacha kuihudumia. Kompyuta zipatazo 14,000 zilihusika. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alikwenda mwenyewe kuonana na Meya Christian Ude, lakini jiji halikubadili msimamo. Hoja yake kuu ilikuwa kujinasua kutoka katika utegemezi wa muuzaji mmoja.

Ugumu mkubwa haukuwa katika kusimika mfumo mpya, bali katika nyaraka. Idara zilikuwa zimelimbikiza violezo vya barua na fomu vilivyoundwa kwa ajili ya Microsoft Office. Wataalamu wa jiji waliunda programu ya WollMux ili kusimamia violezo hivyo ndani ya OpenOffice, kisha wakaitoa kwa umma kama programu huria. Mradi huo, ulioitwa LiMux, ulikamilika mwaka 2013, kompyuta zaidi ya 14,000 zikiwa zimehamishwa.

3.0 Kurejea Windows

Mwaka 2017, chini ya Meya Dieter Reiter, baraza liliamua kurejea Windows. Hata hivyo, tathmini ya kampuni ya Accenture ya mwaka 2016 ilikuwa imebainisha kuwa sehemu kubwa ya matatizo ilitokana na muundo wa utawala: huduma za kompyuta ziligawanyika miongoni mwa vitengo mbalimbali, na maamuzi yalichelewa. Aidha, jiji liliendelea kupokea mafaili ya Microsoft Office kutoka taasisi za nje, ambayo mara nyingine hayakufunguka ipasavyo. Mwaka 2020 muungano mpya wa vyama uliafikiana kuzipa tena kipaumbele programu huria. Mfumo endeshi ulikuwa umegeuka suala la uchaguzi.

4.0 Hitimisho

Hoja hii inazihusu nchi zetu pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa kuwa leseni iliwaruhusu wataalamu kutafsiri bila kumwomba mtu idhini. Lakini kila toleo jipya hudai tafsiri mpya, na leseni hailipi mishahara ya watafsiri.

Kwa hiyo, sera ya programu huria ianze na mambo matatu kabla ya kutaja mfumo wowote: muundo wa mafaili ulio wazi, unaozibana taasisi zote zinazopeana nyaraka, kitengo kimoja chenye mamlaka juu ya kompyuta za serikali, na bajeti ya kudumu ya wataalamu wa ndani. Pasipo hayo, fedha zinazookolewa kwenye leseni zitatumika kurudi zilikotoka.