Ubunifu wa Biashara Hauanzii Dukani



Leo naanza na kosa langu. Msimu mmoja niliwahimiza vijana wa kata yangu walime nyanya. Wakalima, tena vizuri tu. Shida ni kwamba wote walivuna ndani ya wiki tatu zilezile. Dalali akaja, akaona matenga yamejaa barabarani, akataja bei ambayo haikurudisha hata hela ya dawa ya kantangaze. Wengine waliacha nyanya zikaozea shambani.

Kijana mmoja akanifuata: "Afisa, nikakope nijenge kitalu nyumba?" Alidhani ubunifu ni kununua kitu kipya. Nikamwambia subiri kwanza, twende tukawaulize wanaonunua nyanya.

Mama lishe wa stendi akatueleza: "Wanangu, nikichukua tenga zima, za chini zinaoza sijazifikia. Nikienda gengeni kila siku, bei iko juu." Jibu lilikuwa hapo hapo. Kijana akaanza kuchambua zilizoiva, anapima kwa sado, anapeleka kwa bodaboda kila asubuhi kwa mama lishe sita. Shamba lilelile, mbegu ileile. Mkopo hakuchukua.

Mchumi Joseph Schumpeter, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alitaja sura tano za ubunifu. Kwa lugha ya shambani ni hivi:

1. Bidhaa mpya: badala ya alizeti, unauza mafuta.
2. Njia mpya ya kuzalisha: umwagiliaji wa matone badala ya mfereji.
3. Soko jipya: mama lishe badala ya dalali.
4. Chanzo kipya cha pembejeo: mbolea ya samadi kutoka kwa mfugaji jirani.
5. Mpangilio mpya: kikundi kinachopanda kwa zamu ili msivune siku moja. Hapa ndipo mimi nilipokosea.

Na ubunifu unatoka wapi? Mara nyingi kwenye kero. Chukua mifuko ya PICS. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa kunde kaskazini mwa Kameruni walikuwa wanamalizwa na wadudu ghalani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na wenzao wa Kameruni wakaja na mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Ukifunga vizuri, oksijeni inapungua ndani, wadudu wanaacha kula na kufa. Leo tunahifadhia mahindi bila dawa, ila yakauke vizuri kwanza. Faida yake ni kwamba wewe ndiye unayechagua siku ya kuuza.

Kazi ya wiki hii: kabla hujakopa, waulize wateja watatu swali moja tu, "Nini kinakukera unaponunua zao hili?" Andika majibu kwenye daftari. Halafu angalia lipi kati ya yale matano linaweza kuondoa kero hiyo kwa hela uliyonayo sasa.

Tukutane shambani.