Samaki wa kidimbwi akitoka vidonda, tuangalie nini kwanza?

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imetufikia, na vikundi vyenye etangi vinauliza swali moja: kwa nini tilapia wanachubuka, wanatoka vidonda, kisha wanakufa? Wengi wanakimbilia farmasi, wananunua tetrasiklini na kuimwaga majini. Pesa ya masomo ya mwezi wa tisa inaishia hapo, na mara nyingi dawa hiyo haihusiani kabisa na ugonjwa wenyewe.

Kabla ya kununua chochote, loanisha mikono, shika samaki mmoja mgonjwa na umtazame kwenye mwanga.

Ukiona kitu cheupe kama pamba juu ya kidonda, huo ni ukungu wa majini. Tetrasiklini inapigana na bakteria, ukungu haiuwezi. Tena ukungu huo hauanzi wenyewe, unaingia mahali ngozi ilipokwisha kuchubuka. Kipushi iko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, usiku maji yanapoa, na tilapia ni samaki wa joto: chini ya nyuzi 20 anakula kidogo na mwili unalegea. Basi ulizaneni kwenye kikundi: nani alivuta wavu wiki hizi? Mara nyingi jibu liko hapo. Wavu mkavu, mikono mikavu, ndoo iliyojaa samaki kupita kiasi, vyote vinaondoa ute unaolinda ngozi.

Kidonda chekundu chenye damu, magamba yamesimama, tumbo limevimba: hapo bakteria wanashukiwa. Mwiteni veterineri, aseme yeye dawa na kipimo. Tundu la upande mmoja ni mdomo wa ndege. Mapezi yaliyotafunwa yanaonyesha samaki wamebanana na wanang'atana.

Wakifa bila kidonda, amka uende kwenye etangi saa kumi na mbili asubuhi. Wakubwa wakihema juu ya maji na kufa wa kwanza, hewa imepungua majini, pengine kwa sababu ya pumba iliyomwagwa ikabaki na kuoza. Lakini wakubwa kwa wadogo wakifa pamoja, hata viluwiluwi vya vyura, fikiria sumu. Huu ni mji wa mgodi wa zinki na shaba, na madini hayo yakizidi majini yanaharibu matamvua. Funga maji yanayoingia, toa habari, na samaki hao wasifike jikoni wala sokoni.

Kwa ukungu, punguzeni pumba, acheni wavu mpaka joto lirudi, na kila asubuhi ondoeni waliokufa muwazike mbali na maji. Wenye pamba wakiwa wachache, changanya gramu 10 za chumvi kwa kila lita ya maji ndani ya beseni, uwatie kwa dakika kumi. Usiondoke: samaki akilala upande, mrudishe mara moja kwenye maji yake.