MAMBO YANAYOMWONGOZA MSOMAJI KUCHAGUA KITABU

Utangulizi
Mwandishi huandika na mchapishaji huchapa, lakini kitabu hakiwi na kazi mpaka msomaji akichague. Zifuatazo ni sababu kuu zinazoongoza uchaguzi huo. Zisome kwa makini, kwa kuwa hata wewe utachagua vitabu ukiwa ndani ya chumba cha mtihani.

(a) Jina la kitabu na jalada
Haya ndiyo ya kwanza kuonekana. Jina "Watoto wa Mama N'tilie" la Emmanuel Mbogo humdokezea msomaji maisha ya watu wa hali ya chini mjini kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

(b) Umaarufu wa mwandishi
Aliyefurahia "Kufa na Kupona" ya Elvis Musiba huitafuta pia "Njama", kwa sababu anamjua tayari mpelelezi Willy Gamba.

(c) Maudhui
Msomaji huvutwa na jambo linalomgusa. "Takadini" ya Ben Hanson inamhusu Sekai, mama anayekimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe aliyezaliwa na ualbino. Mandhari yake si ya Tanzania, lakini tatizo lake tunalijua.

(d) Lugha na urefu
Lugha nyepesi humvuta msomaji mchanga. Msomaji mzoefu huweza kutafuta mafumbo na lugha ya kitamathali.

(e) Tuzo na filamu
Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka 2022 riwaya yake ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi". Vilevile, "Vuta N'kuvute" ya Shafi Adam Shafi ilitengenezewa filamu mwaka 2021, na aliyeitazama huweza kukitafuta kitabu.

(f) Shule na mamlaka
Kitabu kikiingizwa kwenye mtaala husomwa na maelfu. Marufuku nayo huamsha hamu: "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi iliwahi kupigwa marufuku shuleni, lakini ni miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazojulikana sana.

(g) Bei na upatikanaji
Wasomaji wengi huchagua miongoni mwa vile vilivyopo maktabani au vya kuazima kwa rafiki. Kitabu kizuri kisichopatikana hakisomwi.

Angalizo kwa mtahiniwa
Swali likikutaka utumie vitabu viwili, usichague kitabu kwa sababu ni chembamba au kwa sababu hadithi yake inachekesha. Kipimo chako ni swali lenyewe. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke, orodhesha kwanza hoja tatu kutoka katika kila kitabu, kila hoja na mhusika wake na tukio lake. Kitabu kikikupa hoja moja tu, kiache hata kama unakipenda. Anayeanza kuandika kabla ya kupima hukwama katikati ya insha, na muda wa kurudi nyuma hana.

Hitimisho
Msomaji wa kawaida huchagua kwa mvuto. Mtahiniwa huchagua kwa hoja.

Zoezi
1. Eleza mambo matano yanayomwongoza msomaji kuchagua kitabu. Toa mfano kwa kila jambo.
2. "Usihukumu kitabu kwa jalada lake." Jadili kauli hii kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma.