Karatasi ya Dawa Nayo ni Somo

Mwezi uliopita nilimjulia hali mwalimu mwenzangu mstaafu hapa Naro Moru. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amenusurika mshtuko wa moyo. Nilipomwuliza kuhusu dawa zake, alinionyesha pakiti tupu. "Zilikwisha, Mwalimu, nami nikapona," akasema kwa furaha.

Niliisoma karatasi aliyopewa alipotoka hospitalini. Alikuwa ameandikiwa aspirini, dawa ya pili ya kuzuia damu isigande, dawa ya kupunguza kolesteroli, na nyingine ya kuupunguzia moyo kazi. Daktari alikuwa ameandika ipasavyo. Hata hivyo, hakuna aliyemwambia mzee huyo kwamba mshipa uliozibika jana waweza kuzibika tena kesho, na kwamba aghalabu dawa za namna hiyo humezwa maisha yote.

Kasoro hii haikuanzia kwetu. Uchunguzi wa PURE, uliofanywa katika nchi 17 na kutangazwa mwaka wa 2011, ulidhihirisha kwamba katika nchi maskini wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 waliowahi kuugua moyo au kiharusi hawakuwa wakitumia hata dawa moja kati ya zile muhimu.

Ni kweli kwamba gharama huchangia, pamoja na nauli ya matatu hadi Nyeri au Nanyuki. Lakini aspirini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Mwaka wa 1988, utafiti wa ISIS-2 uliohusisha wagonjwa 17,187 ulithibitisha kwamba kumeza aspirini kwa mwezi mmoja baada ya mshtuko hupunguza vifo kwa zaidi ya thuluthi ya theluthi mbili, yaani takriban asilimia 23.

Watakaosema kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu hawakosei. Hata hivyo, sisi walimu twajua kwamba kuandika ubaoni si kufundisha. Mgonjwa aandikiwe kwa lugha aielewayo kazi ya kila dawa, muda wa kuitumia, na kwamba asiiache bila idhini ya daktari. Nanyi wanafunzi, someni karatasi za babu na nyanya zenu, mkawaulize wauguzi msipoelewa.

Mwenzangu amerudi kliniki. Laiti angeelezwa siku ile ya kwanza, asingalikaa majuma kadhaa akiichezea roho yake bila kujua.