Kalibu za Silikoni kwa Chambo Bandia

Chambo bandia ni kiwiliwili chenye umbo la samaki mdogo, kamba au ngisi, kilichotiwa ndoano na kuvutwa majini ili samaki mla wenzake adhani ni windo. Katika rasi ya Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, chombo kikitoka kuelekea visiwa vya Kwale na Pungume hupita juu ya matumbawe ambamo kolekole, nguru na mzia huwinda kwa macho. Maji haya yamo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyoanzishwa mwaka 1997, na humo mshipi una sifa ya kutokwangua sakafu ya bahari kama wavu wa kukokota. Tatizo ni kwamba chambo hupotea: mzia hukata uzi kwa meno, na ndoano hunasa katika miamba. Cha kuchonga kwa mkono kikipotea, kazi ya siku nzima imekwenda. Kalibu huondoa hasara hiyo, kwa kuwa kiolezo kimoja kilichothibitishwa majini huzaa vingine vingi vya umbo lile lile.

Kazi huanza kwenye kiolezo. Huchongwa kwa mti mwepesi, husuguliwa kwa msasa mpaka kiwe laini, kisha hupakwa vanishi tabaka kadhaa. Silikoni hunakili kila kitu, hata alama ya kidole na mkwaruzo wa msasa, kwa hiyo kasoro iliyoachwa hapa itajirudia katika kila nakala. Kiolezo hujaribiwa pia kwa kuvutwa majini kabla ya kutengenezewa kalibu. Kikipinda upande au kikizunguka, mizani yake hurekebishwa wakati huo.

Silikoni ya kalibu huja katika vyombo viwili, ute na kigandishi, na ni ya aina mbili. Ile inayogandishwa kwa bati ni ya bei nafuu na haina masharti mengi, lakini husinyaa kidogo na huzeeka baada ya miaka michache. Ile ya platini haisinyai kwa kiasi cha kuonekana na hudumu zaidi, ila ni nyepesi kuharibika: salfa iliyomo katika baadhi ya udongo wa kufinyangia, au glavu za mpira wa kawaida, huizuia kuganda na kuiacha ikinata. Asiyepata aina hizo hutumia silikoni ya kuzibia mianya ya madirisha, ile yenye harufu ya siki inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ikiwa peke yake huganda kuanzia nje tu na huchukua siku nyingi. Ikikandwa na wanga laini wa mahindi, unyevu uliomo katika wanga huigandisha mpaka ndani kwa muda mfupi. Ukandaji ufanyike penye hewa, kwa sababu mvuke wake huwasha macho.

Kalibu ya chambo kinene huwa na vipande viwili. Kiolezo hulazwa katika udongo wa kufinyangia ndani ya kisanduku, kikazama nusu yake hasa, na kuta za kisanduku ziwe mbali nacho kwa sentimita 1 hivi kila upande. Vishimo vichache hubonyezwa kwenye udongo ili vipande vije kushikana bila kuteleza. Kiasi cha silikoni hupimwa kwa kujaza kisanduku mchele mkavu, kisha kuumimina katika kikombe cha vipimo. Silikoni hukorogwa polepole. Tabaka la kwanza hupakwa kwa brashi, na iliyobaki humiminwa kama uzi mwembamba kwenye pembe moja ya kisanduku, ili viputo vya hewa vipasuke njiani. Katika joto la kaskazi muda wa kuitumia kabla haijakaza hupungua sana. Ni afadhali kufanya kazi alfajiri na kuchanganya kidogo kidogo.

Upande wa kwanza ukishaganda, kisanduku hugeuzwa na udongo wote huondolewa. Silikoni haigandamani na kitu kingine kwa nguvu kama inavyogandamana na silikoni, kwa hiyo uso wa kipande cha kwanza hupakwa mafuta ya mgando kabla ya kumimina cha pili. Mwishoni hukatwa mfereji wa kumiminia upande wa mkia, na vijitundu vya kutolea hewa kwenye sehemu zitakazokuwa juu kabisa kalibu ikisimamishwa.

Cha kumiminwa huamuliwa na joto. Rezini ya faiba, ile inayotumika kutengenezea boti, na epoksi hufaa, ingawa ya faiba hula uso wa kalibu taratibu. Zote mbili ni nzito kuliko maji ya bahari. Chambo cha kuelea huhitaji kuchanganywa na unga mwepesi wa vijiduara vya kioo. Kabla ya kumimina, waya wa chuma kisichoshika kutu hupitishwa kutoka kichwani hadi mkiani ili ndoano zishikwe na waya, si na rezini, na kipande cha risasi huwekwa tumboni ili chambo kisipinduke.

Risasi yenyewe ni suala jingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, ilhali silikoni nyingi za kawaida huanza kuharibika zikipita 200 na kidogo. Chubwi na vyambo vya risasi husubiwa katika silikoni maalumu ya joto kali, au katika kalibu ya chuma au mawe. Kalibu iwe kavu kabisa, kwani tone moja la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Kazi hii hufanywa nje, upepo ukiwa mgongoni, na sufuria yake hairudi tena jikoni.

Nakala ikitolewa, kingo zake hupunguzwa kwa kisu, kisha hutiwa rangi, macho na tabaka la epoksi angavu. Kalibu husafishwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, na huhifadhiwa kivulini vipande vyake vikiwa vimefungwa pamoja ili visijikunje.