Kinyago katika Miviga: Zaidi ya Maleba

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa maleba katika miviga, aghalabu hujibu kwamba vinyago hupamba sherehe, kisha hukimbilia hoja nyingine. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu ya jibu, na alama zake ni nusu vilevile. Makala haya yanadhamiria kukuonyesha, mwalimu au mtahiniwa, kazi hasa ya kinyago katika sherehe. Tutatumia mfano wa ngoma ya mapiko ya Wamakonde.

Maana ya kinyago

Neno hili lina maana mbili. Kwanza, ni sanamu ya kuchongwa, kama zile ambazo watalii hununua. Pili, ni sura ya kuchongwa inayovaliwa usoni au kichwani. Katika miviga tunahusika na maana ya pili. Yafaa mtahiniwa aibainishe tangu mwanzo.

Ngoma ya mapiko

Wamakonde wanaishi kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, pande zote mbili za mto Ruvuma. Wapo Kenya pia, hasa Kwale, ambako wengi wao walifika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Mwaka wa 2016 serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la nchi hii.

Kinyago chao cha kichwani huitwa lipiko; wingi wake ni mapiko. Huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kama kofia, mchezaji akiona kupitia uwazi wa mdomo. Vingine hutiwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni huumbwa kwa nta. Mwili wote hufunikwa nguo, na njuga hulia kila anapocheza. Ngoma hii huhusishwa na jando na unyago, hasa wanapotoka vijana waliokuwa kumbini.

Kazi za kinyago

(a) Kumgeuza fanani. Kwa itikadi ya jadi, anayecheza si fulani wa fulani tena. Ni mzimu uliorudi kuwatembelea walio hai. Ndiyo sababu mwili wote hufichwa. Kiganja kikionekana, mtu atatambulika, na sherehe itapoteza nguvu.

(b) Kuigawa hadhira. Wanawake na watoto hawakutakiwa kujua kwamba ndani mna mtu. Mvulana alifunuliwa siri hiyo jandoni na kuonywa asiitoe. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kabla ya jando mvulana hukikimbia kinyago. Baada ya jando anajua kilivyochongwa na nani anakivaa. Kuvuka huko kutoka woga hadi ujuzi ndiko kuvuka kutoka utoto hadi utu uzima.

(c) Kukejeli na kuelimisha. Mapiko huchongwa kwa sura za wazee, wanyama, hata Waarabu, Wahindi na Wazungu. Kupitia mwendo na mikogo ya mchezaji, jamii huwacheka wenye kiburi bila kumtaja mtu.

(d) Kuhifadhi historia. Chale na ndonya ya mdomo wa juu, ambazo vijana wengi hawana tena, bado zinaonekana katika vinyago vya zamani.

Kinyago nje ya sherehe

Mwaka wa 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Baadaye kilionekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller huko Geneva, na kikarejeshwa Tanzania mwaka wa 2010. Kisa hiki kina funzo la kifasihi. Kabatini, kinyago ni kifaa tu. Huwa sehemu ya fasihi simulizi pale tu panapokuwa na fanani, hadhira, mandhari na tukio.

Wala miviga haikugandishwa. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka wa 1975, baadhi ya wanawake walianza nao kucheza mapiko, jambo lililokuwa mwiko. Huu ni mfano mwafaka wa hoja kwamba fasihi simulizi hubadilika na wakati.

Namna ya kujibu

Taja hoja, ieleze, kisha itolee mfano. Linganisha majibu haya mawili:

(i) Vinyago hupendeza na kuvutia hadhira.

(ii) Kinyago huficha nafsi ya fanani ili hadhira imwone kama mzimu. Kwa mfano, mchezaji wa mapiko wa Wamakonde hufunikwa mwili mzima asitambulike.

Jibu la pili linaonyesha kwamba mtahiniwa anaelewa kinachotendeka uwanjani. Mwalimu, waambie wanafunzi wako wachunguze hivyo hivyo maleba ya miviga ya jamii zao: yanamficha nani, yanamwonyesha nani, na nani haruhusiwi kuyagusa? Majibu ya maswali hayo matatu yatawapa hoja ambazo hawatahitaji kuzikariri.